KURUDI KWENYE BAISKELI BAADA YA KUVUNJIKA: MGUU HAUFUATI SIKU ZA DENI



Katika ukurasa huu wa Kiswahili tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, ushuru wa steji na ukatili wa barabara. Mara hii tunataka kuzungumza juu ya mguu. Wengi wetu tunaosoma ukurasa huu, kutoka Busia hata Tororo na Mbale, tunakula kwa nguvu ya miguu yetu. Wako wanaobeba abiria, wako wanaobeba maziwa, mkaa na ndizi, na wako matarishi na walinzi wanaokwenda kazini kwa baiskeli kila siku. Tangu miaka ya 1960 watu wamekuwa wakivushwa mpaka wa Busia kwa baiskeli, na jina la boda boda lilitokana na kazi hiyo. Pikipiki zimechukua sehemu kubwa ya kazi, lakini baiskeli hazijakwisha, na wanaoziendesha hawajaacha kuvunjika.

Jambo lililotufanya tuandike lilitokea kwenye steji yetu wenyewe. Ndugu yetu mmoja aliguswa na lori jioni akavunjika muundi, yaani ule mfupa mkubwa wa chini ya goti. Alifungwa plasta, ambayo wengi huita hogo. Baada ya majuma 9 plasta ilifunguliwa, na kesho yake asubuhi tulimwona steji na baiskeli yake. Tulimpokea kwa furaha. Mmoja wetu alimwuliza, "Mzee, mguu unasemaje?" Akajibu, "Mguu umenyamaza, ila tumbo ndilo linalopiga kelele." Tulicheka wote, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Siku ya tatu alimbeba mama mmoja na mfuko wake wa unga. Walipofika na kusimama, alikanyaga chini kwa mguu ule ule uliovunjika. Mguu ulikunjika, baiskeli ikalala, na mfupa ukaachana tena mahali pale pale. Mama yule alichubuka mkono. Ndugu yetu alilala nyumbani miezi 5 mingine, na baiskeli ikauzwa ili watoto wale.

Tumelifikiri sana jambo hili. Si kweli kwamba alikuwa mjinga. Alikuwa na deni, na sisi wenzake hatukuwa tumemwandalia njia nyingine. Kwa hiyo makala hii ina sehemu mbili. Kwanza tutaeleza namna mtu anavyorudi kwenye baiskeli hatua kwa hatua, kama tulivyofundishwa na wahudumu wa mazoezi ya viungo hospitalini na kama tulivyojifunza kwa machungu yetu. Kisha tutaeleza kwa nini hatua hizo haziwezekani ikiwa wenzake hawamshiki mkono.

MFUPA, MISULI NA KIUNGO

Watu wengi hudhani kwamba plasta ikifunguliwa mguu umepona. Sivyo. Plasta ikifunguliwa, maana yake ni kwamba mfupa umeanza kushikana vya kutosha kuachwa bila ganda. Mtulinga wa mtu mzima huchukua kiasi cha majuma 6 hadi 12 kuunga. Muundi huchukua muda mrefu zaidi: mara nyingi ni miezi 4 hadi 6 kabla haujawa imara, na ukivunjika vibaya au ukiingia uchafu huweza kupita hapo. Mfupa wa paja nao hudai miezi kadhaa, hata ukiwa umetiwa chuma ndani.

Zaidi ya mfupa kuna misuli. Mguu uliolala majuma mengi bila kazi hukonda. Ukitaka kuona, chukua uzi, pima shubiri moja juu ya goti, zungusha uzi kwenye paja la mguu mzima, kisha paja la mguu uliovunjika. Utaona tofauti kwa macho yako. Misuli hupotea upesi na hurudi polepole.

Tatu, kuna kiungo. Goti na kifundo cha mguu vilivyofungwa muda mrefu hukakamaa kama bawaba iliyoshika kutu. Na nne, kuna jambo ambalo halionekani: mguu husahau. Ule utulivu wa kusimama, wa kujua pa kukanyaga bila kutazama, hupungua. Ndiyo sababu mtu anaweza kutembea vizuri nyumbani lakini akaanguka anaposhtuliwa na honi.

Basi mfupa, misuli, kiungo na utulivu, kila kimoja kina siku zake. Daktari anaposema mfupa umeunga, amesema juu ya kimoja tu kati ya hivyo vinne.

MFANO WA MTU ALIYEKUWA NA KILA KITU

Asije mtu akadhani kwamba udhaifu huu ni wa maskini peke yao. Yuko mwendesha baiskeli wa mashindano, Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985. Akiwa kijana alijifunza mashindano huko Kenya kwa mwendeshaji David Kinjah. Baadaye akiendesha kwa jina la Uingereza alishinda mashindano makubwa ya Ufaransa, Tour de France, mara 4: mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017.

Tarehe 12 Juni 2019, akiwa Ufaransa anakagua njia ya mashindano mengine, aligonga ukuta kwa mwendo mkubwa. Alivunjika mfupa wa paja, kiwiko na mbavu. Mtu huyu alikuwa na madaktari bingwa, mashine za mazoezi, chakula bora na mkataba wa kazi. Hata hivyo alirudi mashindanoni Februari 2020, yaani baada ya miezi 8 hivi. Na baada ya hapo hakushinda tena Tour de France.

Hatusemi hivi ili kumkatisha mtu tamaa. Tunasema ili tujiulize: ikiwa bingwa mwenye kila kitu alihitaji miezi 8 kabla ya kushindana, na hakuwa amebeba abiria nyuma, kwa nini sisi tunamtazamia mwenzetu mwenye baiskeli ya chuma ya kilo 20 hivi arudi kazini kamili baada ya majuma 9?

KABLA YA KUPANDA

Kwanza kabisa, rudi hospitali. Tunajua kwamba wako wenzetu wanaokwenda kwa waganga wa kienyeji wa kuunga mifupa, na hatutaki kuwadharau wazee hao. Lakini mkono hauwezi kuona ndani ya mguu. Picha ya eksrei ndiyo inayoonyesha kama mfupa umekaa sawa na kama umeunga. Ukiwa mbele ya mhudumu, usiondoke kabla ya kuuliza maswali haya manne:

1. Je, mguu huu unaruhusiwa kubeba uzito wangu wote?
2. Je, kuna chuma ndani, na je, kinanizuia jambo lolote?
3. Ni mazoezi gani nifanye nyumbani, na mara ngapi kwa siku?
4. Nirudi lini kutazamwa?

Mweleze pia kazi yako ilivyo. Ukisema tu "naendesha baiskeli," atafikiri unakwenda dukani. Mwambie, "Nabeba mtu wa kilo 70 nyuma, kutwa nzima, na barabara yetu ina mashimo."

Baada ya kuruhusiwa, jipime mwenyewe. Je, unatembea bila gongo na bila kuchechemea? Je, unaweza kuinuka kwenye kigoda mara 10 bila kujisukuma kwa mikono? Je, unaweza kusimama kwa mguu ule mmoja ukahesabu hadi 20? Je, ukikaa kwenye kiti unaweza kuvuta unyayo nyuma chini ya kiti, hata vidole vikapita nyuma ya goti? Pedali haiwezi kuzunguka ikiwa goti halikunjiki zaidi ya pembe mraba. Ikiwa jibu la swali moja ni hapana, endelea na mazoezi ya nyumbani. Baiskeli itakungoja.

Kuna mambo mawili zaidi. Sigara huchelewesha mfupa kuunga. Huu ndio wakati wa kuiacha. Na mfupa hujengwa kwa chakula. Kama hakuna nyama, maharagwe, maziwa, mayai na dagaa, ambao hapa tunawaita mukene, vitafanya kazi hiyo.

KAGUA BAISKELI NAYO

Baiskeli iliyoanguka pamoja nawe nayo imeumia, na iliyolala miezi mingi imechakaa kwa kulala. Mpelekee fundi kabla hujaipanda. Tazama foki kama imepinda au ina ufa karibu na usukani. Zungusha magurudumu uone kama rimu inayumba, na gusa spoki moja moja. Tazama tairi ubavuni kama zimepasuka. Raba za breki zilizokaa muda mrefu hukauka na kuteleza, hivyo zibadilishwe. Tia mafuta cheni. Kaza kotapini za krenki, maana krenki ikilegea pedali hushtuka, na mshtuko huo wote huingia kwenye goti.

Kisha panga kiti. Kwa mguu uliokakamaa, kiti kikiwa chini sana goti hulazimika kukunjika mno. Kiinue kidogo, ili pedali ikiwa chini kabisa goti libaki limekunjika kidogo tu. Lakini usikiinue hata ukashindwa kufika chini kwa mguu mzima unaposimama.

HATUA KWA HATUA

Hapa kuna jambo ambalo halisemwi mara nyingi. Kuzungusha pedali si adui wa mguu. Unapokaa kwenye kiti, uzito wa mwili unabebwa na kiti, na goti linakwenda bila kugongwa. Ndiyo maana hata hospitali hutumia baiskeli isiyotembea kuwafanyisha watu mazoezi. Hatari iko kwenye kupanda, kusimama na kuanguka. Ndugu yetu hakuvunjika akiendesha. Alivunjika akisimama.

Hatua ya kwanza: baiskeli iliyosimama. Baiskeli zetu kubwa za kazi zina stendi ya miguu miwili inayoinua gurudumu la nyuma. Weka baiskeli karibu na ukuta, iegemeze vizuri, tia matofali au mbao imara chini ya ekseli ya nyuma pande zote mbili ili stendi isibebe uzito peke yake, na mtu mmoja ashike usukani. Panda kwa kukanyaga kigoda. Mwanzoni peleka pedali mbele na nyuma nusu mzunguko. Goti likilegea litakubali mzunguko mzima. Fanya dakika 5 asubuhi na dakika 5 jioni. Ongeza polepole kwa muda wa majuma mawili au matatu hadi dakika 20. Hapo hujatoka nyumbani, hujatumia fedha, na mguu unafanya kazi.

Hatua ya pili: kiwanja. Nenda kwenye kiwanja cha mpira au cha shule wakati hakuna watu. Jifunze upya kupanda na kushuka. Wengi wetu hupanda kwa kukanyaga pedali ya kushoto na kurusha mguu wa kulia nyuma. Ikiwa uliovunjika ni wa kushoto, kwa kitambo kidogo mguu huo hubeba mwili wote. Usipande hivyo. Simama juu ya jiwe au ukingo, pitisha mguu taratibu, kaa kwanza, ndipo uondoke. Ukiweza kuazima baiskeli isiyo na bomba la juu, yaani ile inayoitwa ya kike, iazime bila haya. Kisha jifunze kusimama kwa mguu mzima. Rudia mara 20, mara 30, mpaka mwili uzoee kuangukia upande huo bila kufikiri.

Hatua ya tatu: barabara bila mzigo. Chagua njia tambarare ya kilomita 2 au 3, asubuhi mapema, magari yakiwa machache. Kwenye kilima shuka usukume. Hakuna aibu, hata wazima husukuma. Nenda siku moja, pumzika siku moja. Usiongeze urefu wa njia na ukali wa kilima katika juma moja, ongeza kimoja.

Hatua ya nne: mzigo usio na uhai. Hapa ndipo wengi huruka, na hapa ndipo ndugu yetu aliporuka. Mzigo wa kwanza usiwe mtu. Funga kwenye keria dumu la lita 20 likiwa na maji nusu. Hizo ni kama kilo 10. Juma lingine lijaze. Juma la tatu, ukiona sawa, funga madumu mawili. Maji yana faida kwamba ukianza kuumia unaweza kuyamwaga njiani. Abiria huwezi kummwaga.

Hatua ya tano: abiria. Anza na mtu mwepesi unayemjua, kwa safari fupi tambarare, na mweleze hali yako. Mwambie asiruke kushuka, bali angoje usimame kabisa, maana abiria anaporuka upande mmoja baiskeli nzima huvutwa upande ule na mguu wako ndio unaozuia. Juma la kwanza fanya nusu siku. Mwezi mmoja hivi baadaye, mambo yakienda vizuri, fanya kutwa.

Ukijumlisha hatua hizi utaona ni miezi 2 au 3 tangu mguu uruhusiwe kubeba uzito. Tunajua hesabu hiyo inaumiza. Lakini ilinganishe na miezi 5 ya ndugu yetu, pamoja na baiskeli aliyouza.

SHERIA YA ASUBUHI

Utajuaje kama umekwenda mno? Mguu utakwambia, lakini hausemi papo hapo. Husema kesho yake. Kwa hiyo tunafuata sheria moja: kila asubuhi kabla ya kuinuka, ulize mguu. Ikiwa uchovu wa jana umekwisha, endelea na hatua uliyo nayo. Ikiwa maumivu au uvimbe umezidi wa jana asubuhi, pumzika, na ukirudi rudi hatua moja nyuma. Usimeze dawa ya maumivu ili uweze kufanya kazi, maana dawa hiyo humnyamazisha shahidi, kesi ikabaki pale pale.

Yako mambo ambayo hayangoji asubuhi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiona: maumivu makali mahali pamoja juu ya mfupa kila unapokanyaga, usaha au joto kwenye kidonda au homa, ganzi au unyayo usioinuka, mguu kupinda au kulia ndani. Na ikiwa shavu la mguu limevimba, lina joto na linauma, au ukashikwa ghafula na kifua na kukosa pumzi, usingoje hata saa moja. Damu huweza kuganda kwenye mguu uliolala muda mrefu na kwenda kwenye mapafu, na hiyo huua.

Aliyeumia kichwa ana sheria yake. Maadamu bado anapata kizunguzungu, kichwa kuuma au kusahau, asipande baiskeli hata kama miguu yake ni mizima.

HOFU SI WOGA

Kuna mwenzetu mwingine ambaye mguu wake ulipona kabisa lakini kila aliposikia lori nyuma mikono ilitetemeka na baiskeli ikaingia mtaroni. Alificha jambo hilo kwa muda mrefu kwa kuogopa kuchekwa. Tunasema wazi kwamba hofu hiyo ni sehemu ya jeraha, na ina dawa yake, ambayo ni hatua zile zile. Mwenzake mmoja aendeshe nyuma yake, upande wa barabara, kwa siku kadhaa. Wapite kwanza njia tulivu, kisha njia ya magari, na mwisho wapite mahali pale alipoangukia. Na kwenye steji pasiwe na mzaha juu ya jambo hilo. Anayemcheka leo hajui zamu yake itakuwa lini.

WALIOAJIRIWA WAJUE HAKI YAO

Tarishi, mlinzi au mfanyakazi yeyote mwenye mwajiri asinyamaze anapoumia. Hapa Uganda iko Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000. Sheria hiyo humlinda aliyeumia kazini, na pia aliyeumia akiwa njiani moja kwa moja kwenda kazini au kutoka kazini. Lakini ni juu ya mfanyakazi kuonyesha kwamba safari yake ilikuwa ya moja kwa moja. Kwa hiyo ukipitia sokoni, ujue umejidhoofisha. Wenzetu wa Kenya wana sheria yao ya mwaka 2007, na wa Tanzania Bara wana ya mwaka 2008 iliyoanzisha mfuko wa fidia.

Aliyegongwa na gari, hata kama hana mwajiri, akumbuke kwamba sheria ya Uganda ya mwaka 1989 inadai kila gari liwe na bima ya kuwalinda watu wengine barabarani. Stika yake huwekwa kwenye kioo cha mbele.

Haki hizi zote hufa kwa kukosa karatasi. Kwa hiyo wenzake walio karibu wafanye haya kabla gari halijaondoka: waandike namba ya gari na ya stika, siku, saa na mahali, na majina ya mashahidi wawili. Polisi wapewe habari na wao watoe karatasi. Mwajiri aarifiwe kwa maandishi, na nakala ibaki kwa aliyeumia. Karatasi za hospitali na risiti za dawa zitiwe katika mfuko mmoja. Na mtu asitie saini karatasi inayosema amepona na yuko tayari kwa kazi yote wakati daktari hajasema hivyo. Anaweza kuomba kazi nyepesi kwa muda. Kuomba hivyo si uvivu.

WASIOAJIRIWA WANA SISI

Lakini walio wengi kati yetu hawana mwajiri. Sheria ya fidia haiwajui. Deni la baiskeli linawajua, na mwenye nyumba anawajua. Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha maneno yetu.

Kila steji ina mchango wa maziko. Mwenzetu akifa, kabla ya jua kuzama fedha zimepatikana, sanduku limenunuliwa na gari limekodiwa. Hilo ni jambo jema na tusiliache. Lakini mwenzetu akivunjika mguu, tunampelekea sukari na sabuni mara moja, kisha tunamwachia Mungu. Je, tunamngoja afe ndipo tumchangie?

Steji yetu ilipoona yaliyompata ndugu yetu ilikaa na kukubaliana mambo manne, nasi tunayaleta kwa wenzetu wayafikiri.

Kwanza, sehemu ya mchango wa kila juma huwekwa kando kwa ajili ya waliovunjika, na hutolewa kidogo kidogo kila juma, si yote kwa mara moja. Mtu anayepata chakula cha juma hili hatakimbilia baiskeli juma hili.

Pili, aliyeumia hapotezi nafasi yake kwenye orodha ya steji. Wengi hurudi mapema si kwa njaa peke yake, bali kwa kuogopa kukuta mtu mwingine mahali pao.

Tatu, anapewa kazi ya kukaa: kuandika orodha ya zamu, kulinda baiskeli, kuziba pancha. Mapato ni madogo, lakini anakula jasho lake na hajatengwa na wenzake.

Nne, hakuna anayeruhusiwa kupakia abiria baada ya kuvunjika mpaka mwenyekiti wa steji amwone akipanda, akisimama na akibeba madumu mawili mbele ya wenzake. Wengine walilalamika kwamba huo ni ukali. Tuliwajibu kwamba abiria naye ana mifupa.

Ndugu yetu alipofunguliwa plasta mara ya pili alifuata njia hii. Majuma mawili alizungusha pedali ukutani kwa baiskeli ya kuazima, mtoto wake akiwa ameshika usukani. Mchana aliziba pancha steji. Alibeba maji kwa muda mrefu hata watoto wa mtaa wakamwita muuza maji, na kweli aliuza mengine. Siku aliyopakia abiria wa kwanza alikwenda umbali mdogo tu, akasimama kwa mguu mzima, akangoja abiria ashuke. Tulikuwa tunamtazama wote. Aliporudi hatukumwuliza mguu unasemaje. Tulimwambia apumzike, tutamwuliza kesho asubuhi.

Tunaomba kila steji isome maneno haya kwa sauti katika mkutano wake, kwa ajili ya wasiojua kusoma. Kisha iulize swali moja: kama mmoja wetu angevunjika leo jioni, kesho angekula nini? Jibu liandikwe kwenye daftari la steji, pamoja na kiasi cha mchango. Mguu utapona kwa siku zake wenyewe. Kazi yetu ni kumpa mwenye mguu siku hizo.